Mkuu, usimwache fundi aachie hiyo gesi kesho

Mpigie fundi simu usiku huu huu, kabla hujaendelea kusoma majibu ya wengine.

Umeandika kwamba umeamua kufanya sehemu yako katika hili suala la tabianchi, kwamba kesho asubuhi fundi anakuja kung'oa kiyoyozi cha zamani ufunge kipya kinachokula umeme kidogo, na kwamba amekuambia ataachia gesi kwanza ili chombo kiwe chepesi na salama kubeba. Halafu ukauliza usome nini, uache nyama au upunguze tu, sola inafaa au haifai, na watoto uwaeleze vipi. Wachangiaji sita wameshakujibu habari za nyama na sola. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka alipofika kwenye gesi. Mimi nimeshtuka, maana maneno hayo niliambiwa mimi, karibu neno kwa neno, nikaitikia "sawa fundi".

Nilikuwa na daftari. Miaka miwili mizima nilikuwa naandika humo kila kitu: uniti za umeme mwanzo wa mwezi na mwisho wa mwezi, lita za petroli, safari nilizokwenda kwa miguu. Gari nililiacha nyumbani kwa safari zote fupi, na kwa mwaka nikawa nimepunguza kama lita 400 za petroli. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa inapendeza. Cheka ukitaka, lakini lile daftari nililipenda, na kila mstari niliutolea jasho kwelikweli.

Mwaka wa tatu nikasema sasa nimalizie kazi. Nyumbani kulikuwa na viyoyozi viwili vya zamani na jokofu moja bovu. Nikaenda dukani, muuzaji akaniambia mashine mpya ni rafiki wa mazingira, hizo za zamani niziondoe tu, zinamaliza umeme bure. Kwenye umeme alisema kweli. Kwamba kuna kitu ndani ya zile za zamani ambacho hakitakiwi kutoka, hakugusia. Alikuwa anauza, na aliyekwisha kulipa hana maswali.

Siku ya kazi fundi akapanda ngazi, akafungua kifuniko cha valvu, akalegeza nati ya bomba. Ule mlio bado ninao masikioni. Shwaaa, mrefu, kama tairi la lori limetobolewa. Ukungu mweupe ukatoka, nati ya shaba ikaota barafu mbele ya macho yangu juani, na matone ya mafuta yakadondoka ukutani. Watoto wakaja kushangaa. Nikamuuliza, "Hii haina madhara?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Hii gesi ya kisasa, bosi, haitoboi ozoni." Nikaridhika. Akahamia cha pili. Jokofu tukampa mnunua vyuma chakavu, naye akakata bomba la nyuma kwa koleo palepale langoni, apate shaba yake. Shwaa nyingine, fupi. Zote tatu zikaisha ndani ya dakika 20. Jioni nikaandika kwenye daftari kwamba nimeondoa mashine tatu za zamani, nikaweka na alama ya vema.

Yule fundi alinipa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyoniponza. Ozoni na joto la dunia ni mambo mawili. Gesi za zamani kabisa, kama R-12, zilikuwa zinakula tabaka la ozoni, na ndiyo maana mataifa yakasaini Mkataba wa Montreal mwaka 1987. Viwanda vikahamia gesi ambazo haziigusi ozoni, mojawapo ni hii R-410A iliyojaa kwenye viyoyozi vingi. Ni kweli haiidhuru ozoni. Lakini ikishafika angani inashika joto kuliko hewa ukaa mara elfu na zaidi. Mwaka 2016 nchi zikakutana Kigali kuongeza kipengele kwenye mkataba uleule, safari hii kupunguza hizo gesi mbadala, na makadirio ni kwamba kikitekelezwa chote kitaiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi kufikia mwisho wa karne. Nusu nyuzi nzima, mkuu, kutokana na gesi za kupozea. Na mimi nilikuwa nachomoa chaja ya simu ukutani kila usiku.

Nilikuja kujua baada ya miezi. Nilikuwa nafuta vumbi kipande cha nje cha kile kiyoyozi kipya, nikaona kibandiko: R-32, uzito wa gesi, na pembeni namba 675. Nikajiuliza 675 ya nini. Kutafuta, nikakuta ni kipimo cha kilo moja ya gesi hiyo dhidi ya kilo moja ya hewa ukaa, inavyoshika joto kwa miaka 100. Nikakumbuka kwamba zile za zamani nilizipiga picha nikitaka kuziuza. Nikafungua simu, nikavuta picha mpaka maandishi ya pembeni yakasomeka. Cha kwanza kilikuwa na R-410A, kilo 1.6. Cha pili R-22, kilo 1.1. Jokofu, R-134a, gramu 150.

Natumia namba za ripoti ya 2007 ya IPCC, lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, matoleo mengine yanapishana nazo kidogo. R-410A ni 2,088, mara kilo 1.6 unapata tani 3.3 na ushee. R-22 ni 1,810, mara 1.1, karibu tani 2. R-134a ni 1,430, kwa gramu 150 ni kama kilo 215. Jumla ni sawa na tani tano na nusu za hewa ukaa. Nikagawanya kwa 2.3 nijue ni petroli kiasi gani. Ikaja zaidi ya lita 2,400.

Mimi nilikuwa naokoa lita 400 kwa mwaka, kwa kutembea juani na mvuani. Miaka sita ya kutembea ilitoka kwenye zile nati kwa dakika 20, na nilikuwa nimesimama hapo hapo nimeshika ngazi.

Na hapo sijahesabu kule kujazwa. Kiyoyozi cha R-22 nilikuwa najaziwa gesi kila mwaka, miaka mitatu mfululizo, na fundi mwingine aliyeniambia ni kawaida, gesi "inaisha". Haiishi! Gesi ya kiyoyozi si petroli kwamba inaungua. Inazunguka ndani ya bomba lililofungwa, inakuwa majimaji, inakuwa mvuke, inarudi kuwa majimaji, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kila kilichopungua kiko angani. Angalia pale bomba linapoungana na kipande cha nje: ukiona nati moja ina mafuta na vumbi limegandia pale tu, hapo ndipo. Paka povu la sabuni, utaona vipovu vinaota. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anajitengenezea kazi ya mwakani kwa hela yako.

Kilichoniuma kuliko vyote ni kwamba viyoyozi vyangu vyote viwili vilikuwa vizima, vinawaka. Kiyoyozi kizima kina njia ya kuifungia gesi yake ndani yake, bila mashine ya ziada, ni geji tu na ufunguo wa pembe sita. Fundi anakiwasha kipoze, anafunga valvu ya bomba jembamba, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inaivuta yote irudi kwenye kipande cha nje. Geji ikishuka karibu na sifuri anafunga valvu ya bomba nene na kuzima papo hapo. Dakika chache tu. Gesi imefungiwa, mabomba yanafunguliwa kimya, husikii shwaa. Fundi wangu alikuwa na ule ufunguo mfukoni.

Usijaribu mwenyewe, tafadhali. Ile gesi ina presha kubwa, ikikugusa ikiwa majimaji inagandisha ngozi, na bomba likiachia hewa ikaingia huku kompresa inazunguka, kompresa inaweza kupasuka. Iwe mikononi mwa anayejua, wewe simama karibu uone.

Hilo la "chepesi kubeba" halina kichwa wala miguu. Kipande cha nje ni makumi ya kilo na gesi haifiki hata kilo mbili. Hakuna mtu amewahi kuvunjika mgongo kwa kilo moja ya gesi. La usalama nalo, gesi iliyofungiwa na valvu zikakazwa na vifuniko vikarudishwa ndiyo salama. Anachokwepa ni zile dakika chache.

Kama chako kompresa imekufa, njia hiyo haipo. Hapo inatakiwa mashine ya kunyonyea gesi na mtungi wake maalumu, wenye mizani chini, usijazwe zaidi ya asilimia 80, na kila aina ya gesi na mtungi wake. Zikichanganyika mara nyingi hazitumiki tena, zinabaki za kuteketezwa tu. Ikinyonywa peke yake inasafishwa na kurudi kwenye mashine nyingine. Fundi asipokuwa na mashine hiyo, kiyoyozi kibaki ukutani mpaka apatikane mwenye nayo. Hakidai chakula, kiache kining'inie.

Na ukishafungiwa gesi yako vizuri, usije ukampa mnunua chuma chakavu. Utakuwa umehamisha ile shwaa kutoka ukutani kwako kwenda uani kwake. Kabla hakijatoka getini ujue kinakwenda kwa nani na huyo ana chombo gani cha kutolea gesi. Uliza kwenye mamlaka ya mazingira ya kwenu, uliza wakala wa kiwanda, uliza vyuo vinavyofundisha ufundi wa majokofu, hao mara nyingi wana vifaa. Nchi nyingi zina sheria inayokataza kuachia gesi hizi hewani makusudi, Marekani walianza tangu 1992, kwa hiyo huombi hisani.

Nimewalaumu mafundi, ila wa kulaumiwa zaidi ni hawa wanaotuandikia zile orodha za mambo 50 ya kufanya nyumbani kuokoa dunia. Nilizisoma zote! Zima taa. Chomoa chaja. Beba mfuko wako. Chaja isiyo na simu inakula umeme mdogo sana, hata ukiiacha ukutani mwaka mzima haifikii umeme unaoliwa na kiyoyozi kwa siku moja ya joto. Hakuna orodha hata moja niliyoikuta ikisema: nyuma ya ukuta wako kuna kilo moja ya kitu ambacho kikitoka ni sawa na kuchoma lita 900 za petroli. Mtu akiniambia nianze na chaja, naye anajua kuhusu gesi, amenipotezea miaka. Na kama hajui, asiandike orodha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na kila anayeniuliza nampa hiyo hiyo: chochote kinachopoza, kiyoyozi, jokofu, friza, hata kile cha kwenye gari, hakifunguliwi wala hakitolewi kabla hujajibiwa gesi inakwenda wapi. "Itapotea tu hewani" ni jibu la kumrudisha fundi na ngazi yake.

Nyama ya ng'ombe ipunguze, ndiyo, inasaidia. Sola ni nzuri, ila isubiri, hiyo haina haraka ya kesho asubuhi.

Kiyoyozi kipya unachofunga, soma kibandiko kabla hujalipa. R-32 ni 675, afadhali kuliko 2,088 ya R-410A. Zipo zenye R-290, ambayo ni propani, namba yake haifiki hata 10, ila inawaka moto, kwa hiyo inataka fundi aliyefunzwa na nafasi ya kutosha. Na majokofu mengi mapya yana R-600a, gramu chache tu, nayo ni hivyo hivyo. Wakati wa kufunga, ahakikishe amenyonya hewa kwenye mabomba kwa pampu. Wako wanaosukuma hewa nje kwa kuachia gesi kidogo, wanasema "kidogo tu". Mkatalie.

Sasa fanya hivi. Chukua tochi, nenda nyuma ya nyumba, piga picha kibandiko cha kipande cha nje, uweke hapa kwenye uzi. Tuone ni gesi gani na kilo ngapi. Halafu washa hicho kiyoyozi dakika kumi utuambie kama bado kinapoza, kwa sababu kikipoza, fundi wako hana kisingizio chochote. Akikuambia hajui kufungia gesi, muulize kwa upole anafanyaje anapohamisha kiyoyozi cha mteja anayekitaka kizima. Atajua.

Niko macho, nasubiri hiyo picha.