Mgeni wetu anajifungia chumbani

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Makambako. Tangu Agosti tuna binti wa miaka 19 kutoka Ujerumani, amekuja kujitolea mwaka mmoja kwa mpango wa weltwärts, na mkuu wa shule amenikabidhi nimwangalie. Mwanzoni alichangamka, hata salamu ya huku, "kamwene", akaijua. Sasa ni Januari. Kengele ya chai ikilia anakwenda chumbani, anafunga mlango, anakula peke yake. Walimu wenzangu wanasema anaringa. Nikimuuliza kama ana tatizo, anajibu hana. Nimwache, au nimwambie kwamba anatuudhi?
Mwalimu, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimwache. Na hilo la kuudhi lishikilie kwanza, maana mimi nimewahi kuwa kama huyo binti.

Mwaka 2009 nilikwenda Norwei kujitolea kupitia Fredskorpset, shirika la serikali yao ambalo tangu 2018 linaitwa Norec. Siku yangu ya kwanza kazini, saa tano na nusu, kila mtu akafungua mkate wake aliokuja nao kutoka nyumbani, wenyewe huuita matpakke, akala. Hakuna aliyesema karibu. Hata mmoja! Nilikaa na chupa yangu ya maji, kisha nikaenda chooni kulia. Nikawahukumu palepale: wachoyo, na hawanitaki. Wiki nzima nikawa nakula stoo, nimesimama.

Aliyenitoa stoo ni mama mmoja wa ofisini. Aliniuliza, "Umeona nini?" Nikajibu kwamba nimeona uchoyo. Akasema hayo ni mawazo yako, macho yako yameona nini? Nikakiri: watu wanakula mkate. Akataka kujua kwetu mtu asipokaribishwa huelewa nini, nikamweleza mpaka machozi yakanitoka tena. Ndipo naye akanieleza kwamba kwao kila mtu huja na chake ili asimpe mwenzake mzigo wa kumlisha. Walikuwa wananistahi, na mimi nilikuwa nawachukia.

Nenda naye hivyo hivyo. "Una tatizo?" haimfungui mtu, hata sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri, ndipo tunasema tumefiwa. Mchukue mtembee hadi sokoni, halafu muulize kitu kimoja kilichotokea siku moja: "Jumanne wakati wa chai ilikuwaje?" Kisha nyamaza, mpe muda. Huenda mmoja wenu alimwambia amenenepa, kwa kumsifu, naye akasikia tusi. Huenda mnapiga soga kwa Kibena na kucheka, akadhani anachekwa yeye. Au kichwa kimechoka tu. Kusikiliza lugha ya watu tangu asubuhi kunauma kweli, nakuapia.

Akishasema, mweleze na upande wenu: kwetu anayekula peke yake hudhaniwa ana kinyongo. Mwachie aamue mwenyewe. Labda siku mbili kwa wiki atakunywa chai nanyi na siku nyingine atapumzika. Hapo kazi inakuwa yako, kuwaambia walimu wenzako waache neno "anaringa".

Wala usishangae kwamba amenyong'onyea sasa na si Agosti. Mwaka 1955 mtaalamu wa Norwei, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti wake juu ya Wanorwei wenzake 200 waliokwenda Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa wamezoea, na waliopita miezi 18 pia. Wa katikati ndio waliotaabika. Binti yenu anaingia hapo katikati, na tiketi yake inamrudisha nyumbani kabla hajatoka. Ndiyo maana nakuomba usisubiri.

Kuna jambo silegezi hata kidogo. Ukigundua kuna mwanamume anayemsumbua, awe wa bodaboda au mwalimu mwenzako, usimwambie "ndivyo tulivyo". Sivyo tulivyo. Piga simu kwa mratibu wa shirika lake siku hiyohiyo. Nimefundisha wageni Kiswahili Morogoro kwa miaka, na nimekutana na wasichana walionyamazia mambo mabaya kwa sababu waliambiwa waheshimu utamaduni. Inaniuma mpaka leo.

Nawe pia umetwishwa mizigo miwili. Kama wewe ndiye unayempangia vipindi na kumwandikia ripoti, hatakwambia yote. Mwombe mkuu wa shule atafute mama mmoja anayeaminika, hata nje ya shule, awe mlezi wake, wewe ubaki na kazi. Halafu mpango wao una semina, na mojawapo huwa katikati ya mwaka wao wa kujitolea. Muulize ni lini, mpe ruhusa bila manung'uniko, na akirudi mpe siku mbili za kupumzika kabla hujaanza maswali.

Kesho chai ikiiva mpelekee kikombe, upige hodi. Asipofungua, kiache mlangoni. Niandikie Machi unieleze.