"Look" peke yake haitoshi

"Look" hufundishwa siku za mwanzo kabisa za Kiingereza, na labda ndiyo sababu watu hawakirudii tena. Wanakijua: ni kutazama. Baadaye wanakutana na "look for", "look after", "look into", na kila mara wanafungua kamusi upya kana kwamba wamekutana na mgeni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapitishia watu macho kwenye barua na maombi yao ya kazi ya Kiingereza. Kinachonipa kazi zaidi si nyakati wala tahajia, bali ni vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi.

Ushauri wangu: acha kuvitafsiri. Ukiuliza "at" maana yake nini utaambiwa "kwa", au "katika", au "kwenye", na hakuna hata kimoja kitakachokufaa kwenye "look at me". Sisi tunasema "nitazame", basi. Ndiyo maana "look me" humtoka mtu mdomoni bila kusita.

Badala yake, anza na kitu ambacho tayari unakijua vizuri. Chukua "hama" na "hamia". Aliyehama nyumba ameiacha. Aliyehamia nyumba ameingia na vyombo vyake. Irabu moja tu imegeuza safari nzima. "Nimemkimbia" na "nimemkimbilia" nako hivyo hivyo, na anayekusikiliza hawezi kuvichanganya. Mfano ulio karibu zaidi na mada yetu ni "tazama" na "tazamia". Hakuna anayekaa akajiuliza ile "i" ya katikati maana yake nini. "Tazamia" ni kitenzi kinachojitegemea, tumekizoea kizima kizima.

Kazi hiyo ambayo Kiswahili huifanya ndani ya kitenzi, Kiingereza mara nyingi huifanya nje, kwa neno linalofuata. "Look for" ni tafuta. "Look after" ni tunza, "look into" ni chunguza, "look down on" ni dharau. Kila kimoja kwetu ni kitenzi kimoja, kwa hiyo kiandike kwenye daftari kama kitenzi kimoja, kwenye mstari wake. Mimi siandiki "look" peke yake hata nikiwa na haraka.

Ukishaandika, kitungie swali. Watu wengi husema vizuri "I am looking for my keys", lakini wakigeuza kuwa swali wanaishia kwenye "What are you looking?" Kilichotafutwa kimehamia mwanzo wa sentensi, basi "for" inaonekana haina tena pa kukaa. Inabaki palepale: "What are you looking for?" Njia ninayoitumia ni kulijibu swali langu kwa sentensi nzima kabla ya kuliandika. Kama jibu lina "for", swali nalo lazima liwe nayo. "Kitabu nilichokuwa nakitafuta" ni "the book I was looking for". Hata ukiingia kwenye kutendwa, kijineno hakiondoki: "The children were well looked after."

Huenda uliwahi kuambiwa kwamba ni makosa kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani vijineno kama hivi "for" na "at". Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson kwa jambo hilo hilo, na waliokuja baadaye wakaligeuza kuwa sheria. Usihangaike nalo. Ukisema "For what are you looking?" katika mazungumzo ya kawaida, watu watadhani unasoma hati ya mahakama.

Hayo maswali yana faida nyingine, ya masikio. Katika "look at me", "at" hutamkwa haraka na kwa udhaifu kiasi kwamba anayejifunza hasikii kitu. Katika "What are you looking at?" iko mwishoni, na inasikika wazi. Ukitaka kujua kitenzi fulani kinatembea na kihusishi gani, sikiliza watu wanavyouliza.

Kuna kimoja kwenye ukoo huu chenye tabia yake: "look up", kwa maana ya kutafuta neno kwenye kamusi au habari mahali fulani. Unaweza kusema "look up the word" au "look the word up". Lakini ukitumia "it", lazima ikae katikati: "look it up". "Look after" haikubali mchezo huo. Ni "look after it" tu. Kamusi zilizotungwa kwa ajili ya wanaojifunza hukuonyesha jambo hili kwa pale zinapoweka "something": katikati au mwishoni. Watu huruka mstari huo wakakimbilia maana.

Kinyume chake pia kipo, yaani vitenzi visivyotaka kijineno chochote baada yake. Sisi tunajadiliana kuhusu jambo, kwa hiyo tunaandika "discuss about". "Discuss" haihitaji "about". Anayeihitaji ni "talk". "Reach" nayo haitaki "at".

Nimalizie na sentensi iliyo mwisho wa karibu kila barua rasmi: "I look forward to hearing from you." Wengi huandika "to hear", kwa sababu wamezoea "want to hear" na "hope to hear". Hapa "to" ni kihusishi, na baada yake hukaa jina au kitenzi chenye "-ing". Jaribu kuweka "it": "I look forward to it" inakubali, "I hope to it" haikubali. Inapokubali, weka "-ing". Na ukiwa unamwandikia rafiki, "I'm looking forward to seeing you" ina uchangamfu zaidi. Ile fupi, "I look forward", iache kwa barua za ofisini.