Wasomaji Wanauliza: Ziara ya Kilwa Kisiwani

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari mkoani Lindi, na tunakusudia kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu Kilwa Kisiwani. Mzazi mmoja ameipinga safari hiyo akisema kwamba vijana wengi wataharibu magofu, na kwamba fedha za ziara haziwafikii wenyeji. Je, hoja yake ina uzito?
Mwalimu, Lindi

JIBU: Ndugu Mwalimu, hoja ya mzazi huyo ina uzito, hasa sehemu yake ya pili, lakini haitoshi kuifuta safari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakatangazwa kuwa hatarini. Kilichoyafikisha hapo hakikuwa wingi wa wageni. Bahari ilikuwa ikiumega ufuko, mizizi ya miti ikipenya kutani, na mikoko, ambayo ndiyo huvunja nguvu za mawimbi, ilikuwa imekatwa sehemu nyingi. Yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014, baada ya kuta kuimarishwa na hali yake kutengemaa, na katika kazi hizo wanakijiji wenyewe walishiriki.

Nasisitiza hilo la wanakijiji kwa sababu Kisiwani ni kijiji chenye watu, na magofu yamo katikati ya maisha yao. Anayeishi hapo ndiye anayeuona ufa ungali mdogo, ndiye anayeamua kuukata mkoko au kuuacha, na ndiye fundi anayejua kutumia chokaa. Ujuzi huo wa chokaa ni hazina, kwani kuta za mawe ya matumbawe zikizibwa kwa saruji hufungiwa unyevu na chumvi ndani yake, na baada ya muda jiwe lenyewe huanza kumeguka. Kijiji kisichopata chochote kutokana na magofu kitachoka kuyatunza, na sioni haki ya kukilaumu.

Kwa hiyo nakushauri uipange safari kwa kuanzia kwenye swali la nani atalipwa. Ada ya kiingilio hulipwa Kilwa Masoko, mji ulio bara, ambako pia hutolewa kibali, na hiyo ni ya serikali. Kinachobaki mikononi mwa wenyeji ni nauli ya mashua, malipo ya mwongozaji na chakula. Chukueni mashua ya watu wa Kisiwani, ombeni mwongozaji aliyezaliwa huko, na muagize chakula cha mchana mapema kwa akina mama wa kijijini. Safari inayokuja na wali wake kwenye mabeseni na maji yake kwenye chupa humwachia mwenyeji takataka tu. Chupa mtakazobeba zirudi nanyi Masoko.

Wagaweni wanafunzi katika vikundi vidogo. Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza karne ya 11 na kupanuliwa karne ya 14, hauhimili vijana wakipanda juu ya kuta kupiga picha, na Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya mwamba kando ya bahari, halihimili zaidi. Wavae mavazi ya stara, wawasalimu wazee, na wasimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa.

SWALI: Nilipokuwa nikitembea ufukweni Kisiwani niliona vigae vya vyombo vya kale. Vilikuwa vingi mno. Kuna ubaya gani kuchukua kimoja?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ubaya upo, na ni mkubwa kuliko kigae chenyewe. Mtaalamu wa mambo ya kale hukisoma kigae kwa mahali kilipolala na kwa vitu vilivyo jirani nacho. Kigae cha sahani ya China kikiwa mahali pake husaidia kujua sakafu ilitandikwa lini na mwenye nyumba alikuwa na uwezo gani, katika mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na ambao msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliuzuru mwaka 1331. Kikiwa kabatini kwako, hakielezi lolote kati ya hayo. Isitoshe, mabaki ya namna hiyo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Ukikiona kingine, mwonyeshe mwongozaji wako mahali kilipo, kisha ukiache palepale.