Kumtafuta babu aliyepotea vita vya Burma (Myanmar ya leo)

Ndugu, poleni. Umesema babu yenu alikuwa Keya, yaani askari Mwafrika wa jeshi la kikoloni la Waingereza, akavushwa bahari 1944 na hakurudi, nanyi hamjui jina lake liko wapi. Anzeni na tovuti ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Kutafuta ni bure. Kinachokwamisha wengi ni tahajia. Makarani waliandika walivyosikia: L hugeuka R, na jina la baba huwekwa kama la ukoo. Jaribuni kila jina peke yake, mkichuja kwa kikosi na mwaka. Mkipata barua ya zamani yenye namba yake ya askari, hiyo inashinda jina.

Waliofia Burma bila kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon Memorial, ulioko Taukkyan, hukohuko Burma. Lakini kama alipanda meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikazamishwa 12 Februari 1944, jina litafuteni Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Hapa ndipo watu hupotea: meli ile ilikuwa ikielekea Ceylon (Sri Lanka ya leo), si Burma, kwa hiyo waliozama nayo msiwatafute Taukkyan.

Asipoonekana popote, ombeni aongezwe. Simulizi za ukoo pekee hazitoshi. Tume hutaka maandishi ya utumishi na ya kifo.