Usiulize mfumo upi mzuri, uliza utahudumiwa hadi mwaka gani

Mkuu umeuliza: ukiwa na pesa ya simu moja na kompyuta moja tu, uchukue mfumo endeshi gani? Na umekataa kuambiwa "inategemea". Wadau waliotangulia wamegawanyika kama kawaida: wa iPhone huku, wa Android kule, wa Linux, mfumo wa bure wa kompyuta, wanawacheka wote. Mimi nimepita kote huko, kwingine kwa kupenda, kwingine kwa kukosa namna. Siku hizi kabla ya kununua naangalia kwanza mashine hiyo itapata masasisho hadi lini. Mengine yanafuata.

Simu yangu ya kwanza ya Android niliyoinunua mpya, kampuni siitaji, ilipata toleo jipya mara moja, ikapata viraka vya usalama (marekebisho madogo ya kuziba mianya) kwa muda, kisha kimya. Simu nzima, kioo hakina mkwaruzo, chaji inakaa. Siku moja programu ya benki ikagoma kufunguka: toleo la mfumo limepitwa. Nyumba hiyohiyo kulikuwa na iPhone 5s, simu ya 2013, na Apple waliitolea sasisho la usalama la iOS 12, mfumo wa iPhone, hadi Januari 2023. Iliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimcheka mwenye nayo.

Tofauti inaanzia kiwandani. Apple wanabuni prosesa, simu na mfumo wao wenyewe. Upande wa Android, Google wanatoa toleo, mwenye chipu anatakiwa kuandaa dereva zake (programu ndogo zinazouwezesha mfumo kutumia kifaa), mwenye simu anaongeza madoido yake, na wakati mwingine kampuni ya laini nayo inataka kupima kwanza. Mmoja akichoka hapo katikati, na wewe umeishia hapo. Google walianza kulitengeneza hilo kwa mradi wa Treble kwenye Android 8, mwaka 2017, na mambo yamebadilika: Pixel 8 ya 2023 imeahidiwa miaka 7, na Galaxy S24 ya Samsung vilevile. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba Android inakufa mapema, muulize Android ipi. Simu za bei ya chini mara nyingi ahadi yake bado ni fupi, na ndizo tunazonunua wengi.

Kwenye kompyuta, Windows ndiyo iliyokuwa na sifa ya kuvumilia mashine kuukuu. XP ya 2001 ilihudumiwa hadi Aprili 2014! Ikaja Windows 11 mwaka 2021, ikataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache mno. Laptopu yangu ni ya kizazi cha 6, RAM GB 8, SSD, inapiga kazi bila kulalamika. Windows 10 nayo ikafika mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kuipenyeza Windows 11 kwa mlango wa nyuma zipo, nimeshamfanyia mtu, ila kwangu siziweki.

Nikaweka Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, na hapa ndipo wenzangu wa Linux huwa wanaruka kurasa. Kusakinisha hakukuchukua hata nusu saa. Ikawaka, safi kabisa, nikabofya alama ya mtandao: hakuna Wi-Fi hata moja. Dereva ya kadi ya Wi-Fi inapakuliwa intaneti, na intaneti ndiyo hiyo sina. Ufunguo umefungiwa ndani. Nilichomoa waya wa chaji, nikaunganisha simu na laptopu, nikawasha kugawa intaneti kwa USB, na kompyuta ikaipokea palepale. Nikapakua dereva, nikawasha upya, Wi-Fi za majirani wote zikajipanga. Simu yenyewe ni ile iliyotupwa na benki. Cha kuchekesha, keneli ya Android, yaani kiini cha mfumo wake, ni hiyohiyo Linux aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, kwa hiyo ni kama mtoto alikuja kumtoa mzazi shimoni.

Kilichonishinda ni Excel. Jedwali la kawaida LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inalifungua vizuri, lakini faili la mahesabu la kazini lenye makro (amri zinazojiendesha ndani ya faili) lilifunguka na vitufe vyake vyote, nikibonyeza, hakuna kinachotokea. Hadi leo nimebakiza kompyuta ya pili yenye Windows kwa ajili ya faili moja. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, au unaishi ndani ya AutoCAD au Photoshop, usikubali kudanganywa na mtu yeyote: kaa Windows, au Mac kwa programu zilizopo huko.

Halafu kuna majina ya faili. Linux inaona Ripoti.docx na ripoti.docx ni vitu viwili. Nilipozinakili kwenye flashi, ambayo yenyewe haikutofautisha herufi kubwa na ndogo, nikaulizwa kama nibadilishe ya kwanza kwa ya pili, nikajibu ndiyo bila kusoma. Asubuhi nzima ya kuandika upya.

Mac nimetumia miaka miwili. Unanakili maneno kwenye iPhone, unayabandika kwenye kompyuta, raha tupu. Kutoka ndiko kazi: picha zangu zote zilikuwa za muundo wa HEIC unaotumiwa na iPhone, na programu nusu nilizokuwa nazo kwingine hazikuzitambua.

Usije ukasema sijajibu. Simu: yoyote iliyoandikiwa miaka ya masasisho, iwe iPhone au Android. Kompyuta: Windows 11 ukinunua mpya, Mint kama unaifufua iliyopo. Ila kabla hujafuta kitu, iwashe Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti, printa, na kufunga kifuniko uone kama inalala kweli. Mimi hilo la kifuniko sikulijaribu, nikawa wiki mbili nashangaa kwa nini laptopu inatoka kwenye begi ikiwa ya moto na chaji imekwisha.