Swali la lugha: Asteroidi yenye "mwezi mmoja"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafundisha sekondari hapa Moshi. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili ameandika kwenye gazeti la ukutani: "Kimondo Dinkinesh kilitembelewa na chombo cha Wamarekani mwaka 2023. Kina mwezi mmoja." Mwenzangu wa jiografia akakata "kimondo" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "sayari ndogo". Tumebishana ofisini mpaka chai ikapoa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wameteleza, ila mwanafunzi ameteleza kwa sababu nzuri zaidi.

Kimondo ni kitu kinachoanguka au kilichokwisha kuanguka. Mstari wa moto unaokatiza anga usiku ni kimondo, na lile pande la chuma lililolala Mbozi, mkoani Songwe, nalo ni kimondo. Kiswahili hakikutenganisha cha juu na cha chini. Cha muhimu ni kwamba kimetujia. Dinkinesh haijatujia. Ni mwamba ulioko kwenye ukanda mkuu wa miamba ya angani, kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii, inalizunguka Jua kama ilivyozoea. Siku kipande chake kitakapomeguka na kuingia kwenye anga letu, hicho kipande tutakiita kimondo.

"Sayari ndogo" nimewahi kuitumia mwenyewe, nikaiacha. Muulize mtoto sayari ndogo ni ipi, atakwambia Utaridi, na hajakosea. Halafu ipo "sayari kibete", ambayo tangu 2006 ni ya akina Pluto na Ceres. Wengine wanapendekeza "kisayari", lakini sikio langu linaiweka pamoja na "kisayansi" na "kienyeji", yaani namna ya kufanya jambo. Basi tuseme asteroidi. Huko lilikotoka, neno hili maana yake ni "kama nyota": William Herschel alilitumia mwaka 1802 kwa kuwa kwenye darubini vitu hivyo vilionekana kama vinukta tu. Ngeli yake ni I-ZI: asteroidi hii, asteroidi hizi. "Maasteroidi" ikatwe bila huruma.

Kalamu nyekundu haikugusa "kilitembelewa", na hapo ndipo ningeanzia mimi. Ukinitembelea Arusha utapewa kiti, utakunywa chai, utaulizwa habari za nyumbani. Basi la Moshi likipita Usa River bila kusimama, hakuna atakayesema limeitembelea Usa River. Sasa tazama alichofanya Lucy, ndiyo jina la chombo chenyewe. Tarehe 1 Novemba 2023 kilipita umbali wa kilomita 430 hivi kutoka Dinkinesh, kwa mwendo wa kilomita 4.5 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo barabara ya Arusha hadi Moshi, kama kilomita 80, inakwisha kabla ya sekunde 20. Hakikupunguza mwendo, kilipiga picha kikaenda zake. Huko ni kupita karibu. Chombo Dawn, kilichoizunguka asteroidi Vesta zaidi ya mwaka mzima, 2011 hadi 2012, hicho sawa, kilitembelea.

Na huo "mwezi mmoja"! Niliposoma sentensi mara ya kwanza nilidhani Dinkinesh imezaliwa juzi. Mtoto mwenye mwezi mmoja bado ananyonya. Ndivyo Kiswahili kinavyosikika, hata uandike nini pembeni. Sema inazungukwa na kimwezi, au taja jina lake, Selam, na utata umekwisha. Picha za Lucy zilionyesha kwamba Selam yenyewe ni vipande viwili vilivyogusana, kila kimoja na upana wa mita 220 hivi, vinavyoizunguka asteroidi ambayo haifiki kilomita moja. Mafiga mawili, la tatu sijui nani kalichukua.

Majina yaachwe yalivyo. Dinkinesh ni Kiamhari, "wewe ni wa ajabu", akiambiwa mwanamke. Ndivyo Waethiopia wanavyomwita Lucy ambaye chombo kimepewa jina lake, yule zamadamu (kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) ambaye mifupa yake ilipatikana Hadar, Ethiopia, mwaka 1974. Selam ni "amani", shina moja na salama na salamu zetu, na ni jina la mifupa ya mtoto wa jamii hiyohiyo ya zamadamu. Mwambie mwanafunzi wako kwamba taya lililotumika kuitambulisha jamii hiyo kisayansi lilitoka Laetoli, Ngorongoro, mkoani kwetu Arusha. Hilo nalo lingefaa kwenye gazeti la ukutani.

Sentensi yake ningeiandika hivi: "Mwaka 2023 chombo cha Wamarekani kiitwacho Lucy kilipita karibu na asteroidi Dinkinesh, ambayo inazungukwa na kimwezi kiitwacho Selam."