Kwa nini hita ya maji inachelewa jioni

Kaka wa Sakina, umesema umepima hita yako ya maji ya kuoga ukapata volti 230 na ampea 10. Unataka kujua ukinzani na nguvu yake, na kwa nini jioni, volti zikishuka hadi 200, maji yanachelewa kupata moto.

Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea: omu 23. Nguvu ni volti mara ampea: wati 2,300. Ukiiwasha nusu saa, LUKU inakatwa uniti 1.15.

Hilo la jioni ndilo linalowachanganya wengi. Wanadhani umeme ukififia, hita inavuta mkondo (zile ampea) zaidi ili kufidia. Hapana. Ukinzani wa koili yake haubadiliki sana, unabaki karibu omu 23 zile zile. Kwa hiyo mkondo unakuwa 200 gawanya kwa 23, kama ampea 8.7, na nguvu inashuka hadi wati 1,739 hivi. Angalia vizuri: volti zimepungua asilimia 13 tu, lakini nguvu imepungua karibu robo, kwa sababu mkondo nao umeshuka. Na kwa baridi ya Julai hapa Arusha, maji yenyewe yanatoka bombani yakiwa ya barafu.

Nakusihi sana, ukitaka kupima omu zenyewe, zima swichi kuu na utenganishe hita na waya zake kwanza. Ampea pima kwa mita ya kubana, tena ubane waya mmoja tu. Ukibana zote mbili itasoma sifuri.